Kuku Wangu Wana Moyo Mzuri

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili nimepewa zahanati. Muuguzi kasema niandike kila ninachokula, asubuhi mpaka jioni, mpaka mavuno yaishe. Nikamwambia mimi si mtoto wa shule. Akasema, "Bi Mashine, na moyo wako nao si wa mtoto wa shule." Ana mdomo, binti yule. Nilimsagia mama yake unga wa uji yeye akiwa bado anatambaa, leo ananipangia mimi.

Haya, naandika. Asubuhi: mkate mweupe vipande vitatu, chai ya sukari. Mchana: sikula, foleni ya magunia ilifika barabarani. Jioni: mkate tena, na mchuzi.

Kurasa ni nyingi kuliko chakula changu, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mimi ni mwenye mashine ya nafaka, hapa kona ya kwenda sokoni, mwaka wa thelathini na moja sasa. Ninazo mbili. Moja ya kukoboa, inayoivua punje ganda lake, na nyingine ya kusaga. Unga wangu ni mweupe, na nikisema mweupe sitanii: uweke kando ya shuka iliyofuliwa, shuka ndiyo itaona haya. Marehemu mume wangu aliandika ukutani kwa mkono wake, herufi nyekundu, UNGA MWEUPE KULIKO WOTE. Watu wanapita mashine tatu kuja kwangu. Sijisifu, nasema yaliyopo.

Sasa daktari kanipima, kakunja uso. Presha mia sitini na tano kwa mia moja. Lehemu, yaani yale mafuta ya kwenye damu, imepanda kupita kiasi. Nirudi katikati ya msimu, nirudi tena mwishoni, na namba zisiposhuka niache mashine. Niache mashine! Mume wangu alianguka mbele ya mashine hiyo hiyo miaka sita iliyopita. Moyo. Alikufa gunia likiwa halijafungwa.

Naogopa. Nimeliandika mara moja, silirudii.

Jumanne, 3 Juni

Vidonge vya presha nimeanza. Mwanangu kapiga simu kutoka huko anakoendesha malori, mkewe kamwambia. "Mama, tuuze mashine upumzike." Nimemjibu aanze yeye kuuza lori. Kacheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimevunjiwa heshima kwa wembe na punje moja ya mahindi.

Nimepita zahanati, muuguzi kasoma daftari, kauliza, "Ganda la nafaka unalitupa wapi?"

"Situpi kitu mimi. Pumba nawapa kuku."

Akachukua punje aliyoiloweka kwenye kikombe, akaipasua katikati, akanisogezea. Akanionyesha ganda, akanionyesha kiini, akanionyesha ule weupe uliobaki. "Huu weupe ni wanga. Unaupenda, najua. Lakini mmea akiba yake umeiweka huku pembeni. Kwenye ganda kuna nyuzinyuzi, na kuna viambata ambavyo mmea unajitengenezea wenyewe, vya kujikinga na jua, na ukungu, na wadudu. Vingine vimeng'ang'ania kwenye nyuzi, havifunguki mpaka vifike utumbo mkubwa. Na kwenye kiini na ganda kuna mafuta ya mmea yanayofanana sana na lehemu."

"Sasa kama yanafanana si ndiyo yataniua?"

"Hapana, yanagombania nafasi na lehemu pale utumboni. Lehemu nyingine inakosa njia ya kuingia kwenye damu."

"Yaani ikifika inakuta kiti kimeshakaliwa."

"Umenielewa. Ila sikiliza, si muujiza. Vidonge usiache, chumvi punguza, na utembee."

Nilitembea kweli, mpaka nyumbani, kwa hasira. Miaka thelathini na moja naivua nafaka nguo zake, nasifiwa kwa kuivua, kumbe nilikuwa nawapa kuku kilicho bora! Nilipofika mlangoni nikawa nimeshaamua. Na mimi nikiamua, nimeamua.

Hapa nimtaje mke wa mwanangu. Anakaa kwangu mwaka wa tatu huu, mumewe akiwa safarini. Kazi zake safi, mdomo hana. Mwambie jua ni jeusi, atakujibu, "Ndiyo, mama." Kimoyomoyo namwita Ndiyo-Mama. Nikamwambia, "Kuanzia leo nafaka ya nyumba hii haikobolewi. Tunakula unga mzima, daktari kasema."

"Ndiyo, mama."

Jumamosi, 7 Juni

Uji wa unga mzima. Umenikwaruza koo, nilikunja uso mpaka mkwe wangu akaniona. Nimeumaliza.

Jumatatu, 9 Juni

Uji umeshuka laini kabisa. Koo limezoea, au mkwe wangu ana mkono wa kupika. Mimi kushindwa na bakuli la uji? Thubutu.

Jumatano, 18 Juni

Mkate wa unga mzima, kaoka mkwe wangu, vipande viwili. Mwokaji wa kona, rafiki yangu wa siku nyingi na mteja wangu mkubwa, kapita kuchukua unga wake mweupe. Kaniona natafuna, nikamwambia ni wa unga mzima, kaniuliza kama nimeanza kushindana na ng'ombe. Nimemwambia aje kunizika nikifika miaka mia.

Jumapili, 29 Juni

Mavuno yamepamba moto. Magunia mpaka kwenye ngazi. Pumba zote za mashine msimu huu kachukua mfuga ng'ombe, nimewaambia kuku wajitafutie. Ajabu ni kwamba wananenepa. Manyoya yanang'aa, mayai manane kwa kuku wanane.

Jumamosi, 5 Julai

Uji. Mkate. Uji. Vumbi.

Jumatatu, 14 Julai

Leo sina hamu ya kuandika, na kwa sababu hiyo hiyo nitaandika sana.

Nilikwenda zahanati kifua mbele. Nilivaa gauni la harusi ya mwanangu. Wiki tano nzima sijagusa unga mweupe nyumbani kwangu, mimi, ambaye ukutani kwangu kumeandikwa weupe! Nilitaka daktari asimame anipe mkono.

Presha imeshuka kidogo, kwa vidonge, kasema. Lehemu haijatikisika. Iko pale pale, kama nimeipigilia msumari.

Muuguzi kafungua daftari langu, kasoma ukurasa baada ya ukurasa. Halafu kaniuliza taratibu, "Bi Mashine, unaandika ukweli?"

Kama kuna neno la kunitia wazimu ni hilo. Nilisimama. Nilisema, na watu wa foleni walisikia, kwamba mimi mizani yangu haijawahi kupunja hata gramu, seuze daftari. Nilisema viambata vyake na nyuzinyuzi zake ni hadithi za kitabuni. Nilisema kama ganda la nafaka lingekuwa dawa, ng'ombe wasingekufa. Daktari alitoka chumbani kwake kuona kuna nini.

Binti hakujibu kwa ukali, ningependa angejibu. Alisema tu, "Niletee huo unga unaopikiwa. Kikombe kimoja. Nataka niuone."

Daktari akaongeza la kwake: umebaki mwezi na nusu, mama.

Nimerudi, nimekaa mashineni bila kuwasha. Pale mbele ya mota sakafu imebonyea kidogo, ndipo alipokuwa anasimama mume wangu. Nimepatazama muda mrefu. Sitaki kufa, na sitaki kukaa kitini nikisikiliza mashine ya mtu mwingine ikinguruma. Sijui kipi nakiogopa zaidi.

Jumatano, 16 Julai

Saa tano asubuhi umeme ulikatika. Mashine kimya, wateja wakakaa juu ya magunia yao, nikasema ngoja nikimbie nyumbani nichote kile kikombe cha unga cha muuguzi.

Nikapitia nyuma, kwenye karo la kufulia. Mkwe wangu amekaa kigodani, mgongo kwangu, beseni mapajani. Mkononi chekeche. Anachekecha, chwa, chwa, chwa, unga mweupe unashuka beseni, na pumba zikijaa juu anazikung'uta pembeni. Kuku wangu wanane wamemzunguka, hawasukumani hata, kila mmoja na nafasi yake, kama watu waliozoea kulipiwa.

"Unafanya nini?"

Chekeche lilimtoka. "Nachekecha, mama."

"Unga gani?"

"Wa kwako, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya pili. Siku ya kwanza nilikuona umekunja uso."

"Na nani kakutuma?"

Akaanza kuokota pumba moja moja chini, kuku wakimwahi. Nikamuuliza tena kwa sauti yangu ya mashineni. Akasema, akiwa bado ameinama, "Wewe, mama."

Akanikumbusha. Wiki yake ya kwanza kwangu alipika kwa unga mzima, kama wanavyokula kwao. Nilikuwa na wageni. Nilinyanyua sahani juu wote waione, nikasema, "Mwanangu, hii ni nyumba ya mashine. Hapa pumba ni za kuku." Wageni walicheka. Nami nilicheka, nakumbuka, niliona nimesema jambo la maana. "Nikaapa," kasema, "kwamba hutaona tena pumba kwenye sahani yako. Hata uniambie nini, nilijua ukiziona utakasirika."

Nilitaka kufoka. Mdomo ulishafunguka. Nikawatazama kuku. Wiki tano nimewalisha nyuzinyuzi, viambata, mafuta ya kiini, kila kitu alichonieleza yule binti, tena saa ile ile kila siku, bila kukosa dozi. Manyoya yanametameta. Mmoja alinitazama kwa jicho la upande.

"Kuku wangu," nikasema, "wana moyo mzuri kuliko mtu yeyote wa barabara hii."

Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye karo. Yeye alilia kwanza, kisha akacheka na machozi yake. Lakini jioni hii, nikiwa peke yangu na daftari, sicheki. Nimeona haya. Nimemtukana muuguzi hadharani kwa kosa nililolipika mwenyewe miaka mitatu iliyopita mbele ya wageni.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda kumwomba radhi muuguzi, mbele ya foleni, kwa kuwa nilimtukana mbele ya foleni. Nilipofika kwenye habari ya kuku alilaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Tunaanza upya. Uji umekwaruza koo, na mkwaruzo ule niliufurahia.

Chekeche nimelitundika mashineni, juu kabisa, kwenye msumari.

Jumatatu, 28 Julai

Nikiingia kwenye jambo naingia na miguu yote. Chini ya maandishi ya mume wangu nimeongeza kwa rangi nyeusi: NA UNGA MZIMA. Nilitaka kuandika UNATIBU MOYO, muuguzi kakataa kabisa, kasema chakula ni chakula. Basi nawaeleza kwa mdomo kuhusu ganda na kile kiti kilichokaliwa, na watu wanasikiliza. Nani atambishia Bi Mashine kuhusu punje? Hata mwokaji kaagiza.

Leo nimesaga magunia kumi kwa mkupuo, nikayapanga stoo mpaka darini. Mkwe wangu kaleta chai, kasimama mlangoni, kayatazama yale magunia. Kafungua mdomo.

"Unasemaje?"

"Hakuna, mama."

Alhamisi, 7 Agosti

Uji. Nimetembea mpaka zahanati na kurudi, bila kuhema. Joto kali, stoo kama tanuri.

Jumanne, 12 Agosti

Mwokaji kaja saa mbili asubuhi na mfuko begani. Huwa anaingia kwa utani. Leo kautua mfuko mezani, kaufungua, kasema, "Nusa."

Nikanusa. Harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyosahaulika wiki nzima.

"Mikate arobaini nimeitupa," kasema. "Miaka yote tuliyojuana hujawahi kuniuzia unga mbovu." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nilikwenda stoo nikafungua gunia la kwanza, la pili, la tatu. Yote yanatoa harufu. Nikabaki nimesimama katikati ya stoo nikijiuliza, mpaka akili ikarudi. Kiini kina mafuta. Muuguzi alinionyesha kwa wembe! Unga mweupe nauweka miezi, hauharibiki, kwa sababu kiini nimekitoa. Huu una kiini chake, na mafuta kwenye joto yanachacha. Miaka thelathini na moja na sikulijua hilo, maana sijawahi kuubakiza huo mzigo unichachie.

Mkwe wangu alikuwa mlangoni. Nilipomwona uso nikajua.

"Ulijua."

"Ndiyo, mama. Kwetu tunasaga wa siku tatu tu."

"Siku ile ulifungua mdomo! Kwa nini hukusema?"

"Nilisema moyoni."

"Moyoni mwako mimi nasikia?"

Akakunja kanga yake, akaikunjua. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Mama, katika nyumba hii nani aliwahi kukukatalia?"

Nilifunga stoo, nikafunga na mashine, jambo ambalo sijafanya siku ya mavuno tangu msiba.

Sasa nitaandika nisichowahi kumwambia mtu. Siku ile mume wangu alikuja akasema amechoka, kifua kinambana, anataka kukaa. Nikamwambia, "Maliza gunia hilo kwanza." Hakubisha. Alisema, "Sawa, mke wangu." Alikuwa mtu mzuri, hakuwahi kunibishia. Hakulimaliza.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempelekea mwokaji magunia mawili ya unga mweupe badala ya ule, na pole. Kanipa mkono. "Hata wewe unakosea? Sasa nitalala usingizi," kasema.

Kisha nimemketisha mkwe wangu, nimemwambia, "Mwanangu, ukiona nakosea, sema. Usiseme moyoni. Sema nisikie."

"Ndiyo, mama."

"Siyo ndiyo! Nataka siku moja uniambie hapana."

Kafikiri sana. "Ndiyo, mama."

Ee Mungu nipe subira.

Jumatano, 20 Agosti

Kazi ya unga mzima nimemkabidhi mkwe wangu. Kila asubuhi anasaga kilichoagizwa tu, anaandika tarehe kwa chaki kwenye kila mfuko, na mfuko wa siku nne hauuzwi. Mwokaji kasema mkate hautoshi sasa, watu wanauulizia. Namtazama mkwe wangu akipima, akinusa, akirudisha nafaka yenye unyevu bila kumwonea aibu mwenye nayo. Ananusa unga kuliko mimi. Nasema wazi, maana daftari ni langu: najivunia huyu mtoto.

Jumapili, 24 Agosti

Nimemuuliza kama gauni hili jipya linanikaa vizuri. Kasema ndiyo. Kwenye kioo nimeona halinikai. Bado tuna safari.

Jumatatu, 1 Septemba

Nilikwenda na gauni la kawaida. Nilikaa kitini mikono mapajani, nikamwomba Mungu kimyakimya, kisha nikautoa mkono ufungwe ile bendi ya presha.

Presha mia thelathini na nane kwa themanini na sita. Lehemu imeshuka. Siyo kidogo, imeshuka mpaka daktari kaiangalia karatasi mara mbili. Kasimama, kanipa mkono! "Endelea na mashine yako, mama. Ila magunia usiyabebe tena, hilo sitanii." Muuguzi kaharakisha kusema ni vyote pamoja, vidonge na chumvi na kutembea na nafaka. Nimemwambia, "Ni vyote pamoja, na mwisho wake ni unga wangu." Kanikumbatia.

Nilirudi natembea katikati ya barabara. Mashineni foleni ndefu, magunia ya mwisho ya msimu. Wote wanajua nilikwenda wapi. Mwokaji kaita kutoka nje, "Haya, tunakuzika au hatukuziki?"

"Utatangulia wewe!" Nikawatangazia namba zote mbili. Watu wakapiga makofi. Jamani, nilijisikia! Na kichwa kikapanda. Nikalisogelea gunia la kwanza, gunia la kilo tisini, nikapinda magoti, nikalikumbatia, niwaonyeshe moyo wa Bi Mashine unavyofanya kazi. Lilikuwa limeshanyanyuka kutoka sakafuni.

Mashine ikazimika. Mkwe wangu alikuwa na mkono kwenye swichi.

"Hapana."

Mwokaji alinitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi hatua moja. Wote walikuwa wanasubiri nifoke.

"Nani anasema?" nikauliza.

Sauti ilimtetemeka, lakini macho hakushusha. "Mimi. Liweke chini, mama."

Nilikuwa nimesimama pale pale sakafu ilipobonyea. Nililiweka chini. Nilimtazama mke wa mwanangu, unga kwenye nyusi zake, mkono bado kwenye swichi, na nilijivuna kuliko siku zote walizonisifu kwa weupe. Nikawaambia watu wa foleni, "Mmemsikia mwenye mashine." Mwokaji akashika upande mmoja, yeye akashika wa pili, mimi nikalifunga kamba.

Asubuhi: uji wa unga mzima, bakuli moja. Mchana: mkate, vipande viwili. Jioni: mkate na mboga. Hapana: moja. Nimeimeza yote.